Wasikilizaji wa Mjomba

Kompyuta ya dukani kwangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga intaneti kafe yake, na ilikuja na ugonjwa. Mwenyewe alikuwa ameiwekea programu ya kuilinda dhidi ya wateja, ambao kwa maelezo yake walikuwa wanaijaza uchafu, na ulinzi wenyewe ulikuwa kusahau. Ukiizima, inafuta kila kilichofanyika tangu ilipowashwa. Ukiiwasha, inaamka safi, kama mlevi asiyekumbuka matusi aliyoyatoa jana. Fundi pekee aliyejua neno la siri la kuiondoa programu hiyo alikuwa amehama mkoa na kubadili namba ya simu. Basi nikazoea kuweka kazi za watu kwenye flashi, na steshenari yangu ikaendelea kutoa kopi, kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti hapa Bariadi, nyuma ya soko, kama steshenari nyingine yoyote.

Nautaja ugonjwa huo mapema kwa sababu ndio uliompatia mjomba wangu mashabiki.

Mjomba ni manju. Anakaa Lalago, analima pamba, ana ng'ombe wa kiasi chake, na tangu sijazaliwa anaongoza kikundi cha ngoma. Huku kwetu mashindano ya ngoma hayana majaji wenye kalamu. Vikundi viwili vinapiga uwanja mmoja, saa ileile, kila kimoja upande wake, na watu wanasimama katikati mpaka miguu iwaamulie. Upande wenye watu wengi ndio umeshinda, na hakuna pa kukata rufaa. Ndiyo maana manju wa zamani walikuwa na dawa za kuvuta watu, wakizifukia uwanjani kabla jua halijachomoza. Mjomba naye alikuwa nazo, hadi alipobatizwa tayari ana mvi, akaahidi mbele ya padri kwamba ameziacha. Na aliziacha kweli, kwa hiyo kompyuta ilimkuta hana kitu mkononi.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameshindwa vibaya. Mpinzani wake, manju wa Migato, mwanamume mfupi mwenye jenereta na spika, aliwachukua watu wote, hata wale waliokuja uwanjani na mjomba kwenye trekta lake. Mjomba alimaliza wimbo akiwaimbia wapiga ngoma wake na mbuzi mmoja aliyekuwa amefungwa pale. Tangu siku hiyo wachezaji wake walikuwa wanahamia Migato mmoja mmoja. Sasa alikuwa amesema mbele ya watu, na yeye akishasema hageuki, kwamba mwaka huu upande wake ukibaki mtupu tena, ngoma anaitundika darini na hataimba tena hata msibani. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alinipigia simu kutoka Nyalikungu kunipa habari hiyo huku analia. Kaka yake asipoimba, alisema, atakaa tu kwenye kigoda anasubiri kufa. Niliogopa, kwa sababu namjua mjomba, na mama alikuwa hatii chumvi.

Ndipo mtu mmoja mwenye studio hapa mjini akamshawishi arekodi wimbo na kuuweka kwenye programu ya muziki, zile za kusikilizia kwenye simu. Akamwambia humo kuna namba inayoonyesha una wasikilizaji wangapi. Mjomba, ambaye maisha yake yote amehesabu watu kwa macho uwanjani, alilishika neno hilo akayaacha mengine yote.

Alikuja dukani na mpiga ngoma wake mkuu, mzee aliyemzidi umri na ukali.

"Mwadila, mayu," mjomba alisema. Wazee wa kwetu humwita mtoto wa kike mama, hata wanapokuja kumtwisha balaa.

"Mwadila, mjomba. Habari za Lalago?"

Habari za Lalago zilichukua muda wa kutosha mteja wangu kukata tamaa na kwenda duka la jirani. Ng'ombe, mvua, bei ya pamba, mguu wa mke wake, ng'ombe tena. Mwishowe akasema, "Nataka kuwaona watu wangu."

Simu yake ilikuwa kiswaswadu, chenye tochi nzuri na basi. Yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka kiasi kwamba nikisoma meseji, nusu nasoma na nusu nakisia. Nikamwambia hatutaona kitu. Akaionyesha kompyuta kwa kidevu.

"Na humu je?"

"Hiyo programu ni ya simu tu, mjomba. Kompyuta haiifungui."

Alinitazama kwa huruma. "Kitu kikubwa hivi kinashindwa na simu?"

Swali lilinikera kwa sababu lilikuwa zuri. Nikalitafutia jibu, na baada ya kuhangaika mtandaoni nikagundua kwamba zipo programu za kuifanya kompyuta ijione simu. Nikapakua moja kwa bando langu mwenyewe, nikaiweka kwenye diski ya pembeni ambayo ule ugonjwa wa kusahau ulikuwa haujaifikia, ingawa kumbukumbu zake zote ziliendelea kukaa upande wa ugonjwa. Katikati ya kioo ikatokea simu, nyembamba, wima, ina kila kitu isipokuwa mfuko wa kuiwekea.

Ilikuwa simu ya ajabu. Alama ya betri ilionyesha imejaa, na ilibaki imejaa siku zote. Nadhani ndiyo simu pekee katika mkoa wa Simiyu isiyowahi kuomba chaji, na ndiyo pekee iliyokufa papo hapo umeme ulipokatika. Kwa sababu nisizozijua iliamini iko nchi ya baridi, ikatuambia nje theluji inaanguka tuvae vizuri, wakati yule mzee mpiga ngoma alikuwa amefungua vifungo vyote vya shati anajipepea na bahasha zangu za khaki. Nilipounganisha spika zangu mbili za kuitia wateja, ambazo zinanifika kiunoni, ikatuonya kwa upole kwamba sauti kubwa ya namna hiyo itatuharibia masikio kama tumevaa visikilizio.

Nikaifungua humo ile programu ya muziki, nayo kabla ya lolote ikauliza: unapenda muziki gani, chagua wasanii watatu. Zikatokea nyuso za vijana wenye cheni, mabinti wa Dar wenye nywele za bandia na mzungu mmoja aliyeonekana amegombana na watu wa kwao. Hakukuwa na uso hata mmoja uliowahi kupigwa na vumbi la shamba la pamba. Nikabonyeza tatu za juu bila kuzitazama, ili tupite.

Tukamtafuta mjomba, tukampata. Yule wa studio alikuwa amemvisha miwani ya jua na kumwekea nyuma picha ya maghorofa. Mjomba alijitazama kwa muda, akauliza hayo majumba ni ya nani. Chini ya picha pameandikwa wasikilizaji, na mbele yake sifuri. Nikaubonyeza wimbo. Ulipokwisha, sifuri ikawa moja.

"Nani huyo?" mjomba akauliza.

"Ni sisi, mjomba."

"Sisi tuko watatu."

Kulikuwa na video pia. Tulipoifungua, picha ikalala ubavu na maandishi yakatokea kwamba tugeuze simu. Nilikuwa bado natafuta pa kubonyeza wakati mzee mpiga ngoma, ambaye hapendi mambo ya kusubiri, alipokishika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili na kukilaza kwa ubavu, kikiegemea mashine ya kopi. Saa hiyo hiyo kidole changu kikawa kimepata pa kubonyeza, picha nayo ikageuka, ikalala upande mwingine. Tukaitazama hivyo hivyo, shingo zetu zimepinda, na mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akapinda yake pia. Halafu programu ikasema: tikisa simu kusikia wimbo mwingine. Nilisema hapana kabla mzee hajainama, lakini alikuwa ameshaishika sipiyu, lile boksi la chini ya meza, na kuitikisa kama kibuyu cha maziwa. Kila kitu kikazima.

Nikawasha upya. Kompyuta haikutukumbuka hata mmoja wetu. Ikauliza tena unapenda muziki gani, nikabonyeza zile nyuso tatu za juu, nikamtafuta mjomba, nikaupiga wimbo. Ulipokwisha, wasikilizaji wakawa wawili.

"Ameongezeka," mjomba akasema polepole.

Kwa kuwa huo ndio wakati nilipoelewa kinachotokea, na kwa kuwa baadaye nililaumiwa na ukoo mzima, naomba ieleweke kwamba niliwaeleza. Niliwaeleza siku ileile, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kwamba kompyuta ikizima inasahau, ikiamka inakuwa kama simu mpya imenunuliwa leo na mtu mpya, na programu inamhesabu mtu huyo. Nikasema huyo wa pili ni sisi tena. Walisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha mzee mpiga ngoma akamwambia mjomba kwamba wasomi wana shida, kitu kikiwatokea mbele ya macho wanakikataa.

Mjomba akaniomba niuache wimbo unapiga mchana kutwa. Sikuona ubaya. Ni mjomba wangu, aliuza ng'ombe wake mmoja ili nisome, na wimbo ulikuwa mmoja tu. Sikujua wakati huo kwamba wimbo mmoja unaweza kuwa mwingi namna ile. Ulihusu ng'ombe dume wa kulimia aliyepofuka macho, akaendelea kulima kwa kukumbuka shamba, akifika mpakani anageuka mwenyewe. Ulikuwa mrefu. Ulikuwa na marudio, na marudio nayo yalikuwa na marudio. Kiangazi chote niliusikia nikichapa barua za maombi ya kazi, nikipiga picha za watu wasiotakiwa kucheka, nikigombana na mashine ya kopi. Wateja walianza kuuimba mlangoni. Nilifika mahali nikawa namchukia yule ng'ombe kabisa, pamoja na upofu wake.

Na umeme ukawa unakatika. Wa Bariadi hawahitaji maelezo hapo. Ulikatika asubuhi ukarudi, ukakatika adhuhuri ukarudi, siku nyingine ulikuwa unakuja na kuondoka kama mtu aliyesahau alichofuata. Kila ukirudi nilibonyeza zile nyuso tatu, nikaupiga wimbo, na mjomba akawa amepata mtu. Aliyeugundua uhusiano huo ni yeye mwenyewe, maana kila siku ya gulio alikuja kutazama namba, na alikuwa na maelezo yake.

"Umeme ukikatika," aliniambia, "watu hawana televisheni. Wanatoka nje, wanakaa, wanafungua simu. Ndio wananisikiliza."

Ukiyapima maneno hayo kwa akili ya kawaida, yalikuwa na maana kuliko yangu.

Siku moja programu ikamletea ujumbe wa pongezi: watu wanaomsikiliza wanapenda pia wasanii hawa, na chini yake zikapangwa zile nyuso tatu nilizokuwa nabonyeza bila kutazama. Mjomba aliwasogelea akawatazama mmoja mmoja, yule kijana wa cheni, yule binti wa Dar, yule mzungu mwenye hasira.

"Kwa hiyo na watu wao wananijua," alisema. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani wa mbali huwa anamuulizia hali. Pale ndipo nilipoanza kuumia, kwa sababu niliona jinsi alivyokuwa anahitaji.

Namba ilipopita mia, ikaundwa kamati. Hakuna jambo kwetu lisiloundiwa kamati, na kamati haina uhai mpaka izae kamati ndogo. Palikuwa na mwenyekiti, katibu, kamati ndogo ya maji, kamati ndogo ya kuni, na kamati ndogo ya mapokezi, ambayo kazi yake ilikuwa kuwapokea wasikilizaji wa kwenye programu watakapofika uwanjani. Kwamba watafika, hilo halikujadiliwa. Mtu akipenda ngoma yako huja kuiona, ndivyo ilivyokuwa siku zote, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba mtu anaweza kumpenda manju halafu asitoe mguu. Swali pekee lililoletwa kikaoni lilikuwa watakula nini. Mjomba akatoa dume lake kubwa, lile la kulimia.

Niliposikia hilo nilifunga duka nikapanda gari hadi Lalago. Nikawakuta kamati wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Nikawaeleza tena, mbele ya wote. Nikasema hao watu zaidi ya mia ni kompyuta yangu na umeme wa Bariadi. Katibu, mwalimu mstaafu, akaniuliza kama nina ushahidi kwamba hakuna hata mmoja mwingine. Sikuwa nao. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba wakati mwingine wivu huingia hata ndani ya ukoo, tena hasa ndani ya ukoo. Mjomba alikuwa amekaa pembeni, anachonga mpini, hakuinua kichwa. Mama naye akanipigia jioni ile ile. Aliniambia kama siwezi kumsaidia kaka yake, angalau nisimvunje moyo. Nikarudi dukani. Dume likachinjwa.

Siku ya mashindano watu walitoka misani wakaja moja kwa moja uwanjani, wakiwa bado na nguo zao za Jumapili. Manju wa Migato alikuwa ameshafika, jenereta lake linanguruma, spika zimeelekezwa huku kwetu kama mizinga. Upande wa mjomba palinukia nyama. Masufuria yalikuwa yameazimwa parokiani, yale makubwa ya harusi. Na mbele kabisa, mahali pazuri kuliko pote, kamati ndogo ya mapokezi ilikuwa imezungushia kamba na vigingi eneo la kutosha watu zaidi ya mia. Ndani hapakuwa na mtu. Ilikuwa sehemu ya wasikilizaji.

Sasa watu walianza kuja, watu wa kweli, wenye miguu. Walikuja upande wetu kwanza, sijidanganyi, labda kwa ajili ya mjomba na labda kwa ajili ya nyama, na kwa mashindano haya hakuna anayeuliza sababu. Wakataka kusimama mbele. Kamati ikawaambia hapo pana wenyewe. Wakasogea pembeni, kamati ikawaambia wasizibe njia ya wageni. Mama mmoja wa Lalago, amebeba mtoto mgongoni, akauliza yeye asimame wapi basi. Katibu akamwonyesha mahali nyuma ya trekta. Akalitazama trekta, akaitazama ile nafasi tupu, kisha akageuka akaelekea kwa Migato, ambako hakuna aliyekuwa ameweka kamba. Wengine wakamfuata. Niliwaona wakivuka uwanja makundi kwa makundi, na hakuna dawa ya zamani ya mjomba iliyowahi kuvuta watu kwa kasi ambayo kamati yetu iliwafukuzia.

Nikamwendea mjomba. Alikuwa amesimama na mavazi yake yote, fimbo mkononi, macho yako barabarani. Upande wa pili wimbo ulikuwa umeshaanza.

"Mjomba, anza. Watu wanaondoka."

"Siwezi kuanza. Watu wangu hawajafika."

"Mjomba, hawaji."

"Umeme labda umerudi," alisema. "Wamekaa ndani."

Sijawahi kumwonea mtu huruma na hasira kwa pamoja namna ile. Nikamshika mkono, kitu ambacho mtoto wa dada hafanyi mbele za watu, nikamwambia, "Mjomba, nitazame mimi. Wale wasikilizaji ni mimi. Wote. Hakuna mwingine. Ni mimi dukani, asubuhi mpaka jioni, kiangazi kizima."

Safari hii alinisikia. Niliona ilivyomwingia, maana fimbo ilishuka mpaka ikagusa chini. Akaitazama ile sehemu ya kamba. Nilidhani atageuka, akusanye ngoma, aende akaitundike darini kama alivyosema, na nikajua mama hatanisamehe.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake:

"Na katika kuusikiliza kote huko, kuna mahali nimekosea?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ameimba zaidi ya umri wangu, mbele ya watu wanaokuja na kuondoka kwa miguu yao, na hakuwa amewahi kupata mtu aliyekaa kuusikiliza wimbo wake tena na tena mpaka akaujua. Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza fundi.

"Kuna mahali," nikasema. "Pale ng'ombe anapofika mpakani, kabla hajageuka. Unavuta pumzi mapema. Unamsimamisha, wakati hajasimama. Kila siku pale nilikuwa naumia."

Akafikiri. Midomo yake ikawa inatembea bila sauti, anaupitia.

"Kweli," akasema. "Nilikuwa nimechoka siku ile." Akaiinua fimbo. "Nenda kasimame mahali pako."

Nikainua kamba, nikaingia. Nikasimama peke yangu katikati ya ile nafasi ya watu zaidi ya mia, na viatu vyangu vya mjini, na mkoba. Kamati haikuthubutu kunitoa. Mzee mpiga ngoma akanitazama, akatema mate pembeni, akaanza kupiga.

Mjomba aliuimba wimbo wote akinielekea mimi. Alipofika pale mpakani hakuvuta pumzi. Aliibana, sauti ikaendelea, ikawa nyembamba, ikakaribia kukatika, na yule ng'ombe kipofu akageuka mwenyewe bila kusimama. Nililia, na sitasingizia vumbi. Ng'ombe niliyemchukia kiangazi chote, nilitamani arudi alime tena kutoka mwanzo.

Upande wa pili walishinda kwa mbali, hakuna cha kubishana. Wimbo ulipokwisha watu wetu waliangalia chini, wakisubiri mjomba aseme neno lake kuhusu kuitundika ngoma. Mzee mpiga ngoma akamwahi.

"Ulisema upande wako ukibaki mtupu," alisema. "Haukubaki mtupu. Huyu alikuwepo."

Mwenyekiti akasema suala hilo lingehitaji kikao.

Kisha washindi wakaja kula, maana harufu ya nyama ilikuwa imewasumbua mchana kutwa, na mjomba si mtu wa kumnyima mtu chakula kwa sababu ya ushindi. Wakakaa ndani ya kamba, ndipo palipokuwa na nafasi, pakajaa. Manju wa Migato mwenyewe alikaa karibu na mimi na sahani yake. Akamwambia mjomba kwamba jenereta lake lilikuwa na kelele lakini mwishoni alisikia kidogo, ule wimbo wa ng'ombe ni mzuri, je, unapatikana kwenye simu?

"Unapatikana," mjomba akasema. Akanitazama. "Ila ule una kosa. Huyu anajua lilipo. Nitaurekodi upya."

Kesho yake nilifungua duka kama kawaida. Umeme ulikuwepo. Nikawasha kompyuta, ikaamka safi, ikatoa simu yake yenye betri iliyojaa, ikaniambia theluji inaendelea kuanguka. Kisha ikaniuliza ninapenda muziki gani, ikanipangia zile nyuso. Mkono ulikuwa umeshaenda juu kwa mazoea. Nikaurudisha. Chini kabisa palikuwa na kijinafasi cha kuandika mwenyewe, ambacho sikuwa nimewahi kukigusa. Nikaandika jina la mjomba polepole, nisikosee herufi.

Ikafikiri kidogo. Kisha ikamleta, na miwani yake ya jua na maghorofa yake, ikaniandikia chini yake: msanii mpya kwako, huenda ukampenda.